Kipupwe cha Karagwe na Kirangozi wa Gari la Kukodi

Miezi ya Juni, Julai na Agosti inapoingia, na watu wa mwambao wakiushukuru upepo wa kusi kwa kuwapunguzia jasho, huku bara, juu ya milima ya Karagwe iliyoinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, wakazi wa Nyabiyonza huamka katika baridi ya hakika: ukungu umelala juu ya migomba, umande umezilowesha nyasi kiasi cha kumrowanisha mpita njia hata magotini, na wachungaji wanaowafungulia ng'ombe wao wenye pembe ndefu wamejitanda mablanketi mabegani. Mgeni aliyezoea kuihesabu Tanzania kuwa nchi ya jua kali na fukwe za mchanga mweupe hustaajabu akiiona asubuhi ya namna hiyo, na aghalabu swali lake la kwanza huwa ni wapi atapata koti. Naandika makala haya kwa kuwa naamini, na imani hii imenikaa moyoni kwa muda mrefu, kwamba baridi hiyo, pamoja na milima, maziwa madogo yaliyojificha katika mafunjo, na tarehe adhimu ya ufalme uliotawala nchi hii, ni mali ya utalii isiyopungukiwa na kitu kikubwa ila mtu mmoja, naye ni kirangozi.

Wako watu duniani waliokaa juu ya mali kama hiyo miaka mingi pasipo kuitambua. Katika milima ya Alpi, mji wa St. Moritz wa Uswisi, uliojengwa kando ya ziwa kwenye kimo kipatacho mita 1,800, ulikuwa ukipokea wageni wakati wa joto tu, na baridi ilipoingia milango ya nyumba za wageni ilifungwa, kwani nani angetaka kuja kutetemeka? Husimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli mmoja, Johannes Badrutt, aliwaambia wageni wake wa Kiingereza waliokuwa wakijiandaa kurudi kwao kwamba warejee mwezi wa Desemba, na kama hawataridhika na jua la mlimani juu ya theluji, yeye mwenyewe atawalipia gharama za safari. Wakarejea, wakakaa hata theluji ikaanza kuyeyuka, na tangu hapo msimu uliokuwa wa kufunga milango ukawa msimu wa kuifungua. Mji huo uliandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1928, na tena mwaka 1948; na ziwa lake linapoganda, farasi hushindana mbio juu ya barafu. Baridi yenyewe haikugeuka hata kidogo. Kilichogeuka ni namna ya kumkaribisha mgeni: kumpokea stesheni, kumpa dereva anayezijua njia za milimani zinapokuwa hatari na zinapokuwa salama, kumweleza anachokitazama, na kumrudisha penye moto na chakula kabla giza halijaingia.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kuitafuta theluji, wala sisemi Karagwe igeuzwe kuwa Uswisi. Ninalosema ni kwamba nchi hii iliwahi kuwa na desturi ya kumpokea mgeni kwa utaratibu uliowashangaza hao hao Wazungu, na desturi hiyo imeandikwa.

Tarehe 25 Novemba 1861 wasafiri wawili wa Kiingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliokuwa wameondoka Unguja mwaka mmoja na ushei uliopita wakiitafuta asili ya mto Nile, walifika mbele ya Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, katika makao yake ya Bweranyange. Njiani walikuwa wamenyang'anywa, wametozwa hongo na kila mkubwa wa kila kijiji, wametorokwa na wapagazi, na Speke alikuwa ameugua hata akakaribia kukata tamaa. Hapa mambo yakawa mengine kabisa. Speke ameandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 kwamba salamu za kwanza za mfalme zilitamkwa kwa Kiswahili kizuri, nazo ziliwagusa. Naomba msomaji asimame kidogo hapa pamoja nami. Bweranyange ni mbali sana na Bagamoyo, mwendo wa miezi mingi kwa miguu katika zama zile, na mfalme wa Wanyambo, katika nyumba yake mwenyewe, akawalaki wageni kwa lugha hii tunayoisoma, miaka mia moja na siku chache kabla ya uhuru wa Tanganyika. Mimi sijui fahari iliyo kubwa kuliko hiyo kwa mtu anayekipenda Kiswahili, na bado ni wachache mno miongoni mwetu waliowahi kufundishwa jambo hilo shuleni.

Haikuwa ajabu kwamba alikijua. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliokuwa wakitoka Unyanyembe kwenda Buganda walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme, nao walikaa hapo kwa idhini yake na chini ya himaya yake, wakipitisha nguo, ushanga na pembe. Miongoni mwao aliishi baadaye Ahmad bin Ibrahim, yule aliyeingia Buganda mwaka 1844 zama za Kabaka Suna, na ambaye msafiri Henry Morton Stanley alimkuta Kafuro amekwisha kuwa mwenyeji. Karagwe ilikuwa, kwa hiyo, njia panda ya misafara, na Rumanyika alikuwa mtawala aliyejua thamani ya njia kuliko wengi wanaozijenga leo: mgeni alipewa mahali pa kupiga hema, akaletewa chakula, akaulizwa habari za kwao, na alipotaka kuendelea alipewa watu wa kumfikisha mbele. Wasomaji wa Ulaya walivutiwa zaidi na habari za wake wa jamaa ya mfalme walionenepeshwa kwa maziwa, na waandishi wengi wamezirudia hizo tangu wakati huo bila kuchoka. Nami naona kwamba kwa kuzikodolea macho habari hizo wamemkosa mtu mwenyewe, ambaye alimweleza Speke mambo ya nchi na maziwa ya upande wa magharibi aliyokuwa hayajui, na ambaye alisikiliza kama alivyosema.

Chini ya Bweranyange kuna ziwa dogo, ambalo jina lake huandikwa Lwelo. Grant alipolitazama likiwa limezungukwa na vilima vya majani, aliliona linafanana mno na ziwa Windermere la kwao Uingereza, na kwa sababu hiyo Speke akaliandika katika ramani kuwa ni Windermere Ndogo. Windermere lile la asili ndilo ziwa refu kuliko yote ya Uingereza, lina urefu upatao kilomita 17, na reli ilipofika karibu yake mwaka 1847 likawa mahali mashuhuri pa kupumzikia watu wa miji ya viwanda, penye mashua, nyumba za wageni na magari ya farasi ya kukodi yaliyowazungusha wageni mabondeni. Basi Waingereza wawili walipofika Karagwe, kitu cha kwanza kilichowajia akilini kilikuwa mahali pa mapumziko. Jina lile halikudumu, na sioni sababu ya kulifufua, kwani ziwa lilikuwa na jina lake kabla hawajazaliwa. Lakini jicho la Grant halikukosea. Mandhari ile inastahili.

Grant alipata nafasi ya kuitazama kuliko alivyopenda. Kidonda cha mguu kilimlaza, na Speke alipoendelea na safari kwenda kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwezi wa Januari 1862, mwenziwe alibaki chini ya uangalizi wa Rumanyika hata mwezi wa Aprili, akabebwa kwa machela alipotoka. Kabla ya kuachana walikuwa wamepitisha Krismasi ya mwaka 1861 hapo hapo. Mfalme, aliposikia kwamba ni desturi yao kuiadhimisha siku hiyo kwa karamu ya nyama, aliwapelekea ng'ombe. Miaka kumi na minne baadaye, mwanzoni mwa mwaka 1876, alikuja Stanley na mashua yake iliyoitwa Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani, naye Rumanyika, aliyekuwa mzee sasa, akamfanyia mashindano ya mitumbwi ziwani, na watu wake wakajaa kwenye miteremko ya vilima kutazama. Chakula cha sikukuu kwa mgeni, mahali pa kuugulia pa utulivu, michezo ya majini na watazamaji wake: yote hayo yaliandaliwa na mwenyeji, kwa hiari yake na kwa heshima yake, katika ufalme ambao wageni hao waliudhania kuwa mwisho wa dunia.

Sasa nirudi kwa kirangozi. Katika vitabu vya wasafiri wale majina yaliyochapwa kwa herufi kubwa ni ya Speke, Grant na Stanley, lakini msafara ulikwenda kwa sababu ya mtu kama Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika nchi ya Wayao, akakamatwa angali mtoto, akauzwa utumwani na kupelekwa India, na bwana wake alipofariki akapata uhuru na kurudi Unguja. Alisafiri na Speke na mwenziwe Burton kuanzia mwaka 1857, akasafiri tena na Speke na Grant, kisha na Stanley mwaka 1871, kisha na Mwingereza mwingine, Cameron, ambaye pamoja naye alivuka bara zima akafika bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha. Alisema na Bombay kwa Kihindustani, na Bombay ndiye aliyeyapeleka maneno hayo kwa Kiswahili na kuyarudisha. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha, na baadaye ikampa malipo ya uzeeni. Mtu huyu hakuwa mbebaji wa mizigo tu. Alijua nani aombwe ruhusa, kwa maneno gani na wakati gani; alijua wapagazi wamechoka kabla hawajanena; alijua ipi hongo ya haki na ipi dhuluma. Ukimwondoa katika safari ile, waliobaki ni Wazungu wawili wagonjwa wenye dira.

Leo kazi ya Bombay imekaa nyuma ya usukani. Mgeni anayefika Bukoba kwa ndege au kwa meli, na kutaka kuiona Karagwe, hukodi gari pamoja na dereva wake, kwa kawaida Noah au Land Cruiser, akapanda kupitia Kyaka, mahali ambapo daraja la mto Kagera lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, kisha akafuata lami ya kilomita 59 inayotoka hapo hadi Bugene. Baada ya lami huanza changarawe na udongo mwekundu, na hapo ndipo dereva anapotengana na dereva. Yuko yule anayelitazama gari tu, akihesabu mashimo na mafuta. Na yuko yule anayejua kwamba mteremko huu, mvua ikinyesha saa nane, haupandiki saa kumi. Kwamba ukimwona mzee amesimama kando ya njia sharti upunguze mwendo na kumsalimu, vumbi lisimpate. Na kwamba mgeni anayenyamaza kwa muda mrefu huenda hana habari na mandhari, ana homa.

Kijana aliyenichukua mimi kutoka Nyabiyonza alikuwa wa aina hii ya pili, ijapokuwa hakuna chuo kilichomfunza. Tulipokaribia Bweranyange nilimwuliza habari za makao ya wafalme, naye hakujitia kujua asichokijua, jambo ambalo kwangu mimi ndilo lililomthibitisha kuwa kirangozi. Alipunguza mwendo, akageuka kidogo, akaniambia, "Mzee, mimi huku nililetwa utotoni kuchunga ng'ombe wa babu tu. Habari za wafalme anazo mjomba wangu. Tumpitie?"

Nikamjibu, "Tumpitie, mwanangu."

Tukampitia. Mjomba alikuwa shambani akikata majani makavu ya migomba. Alinawa mikono, akatuketisha, akaagiza tuletewe kibakuli cha kahawa ya kutafuna, ile mbuni iliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, ambayo katika nchi ya Wanyambo na ya Wahaya hupewa mgeni kabla ya maneno. Hatukuzungumza habari za wafalme kwa nusu saa nzima. Aliuliza ninatoka wapi, wazazi wangu ni wazima, mvua za kwetu zilikuwaje, na barabara nimeionaje. Watalii wengi wangeuhesabu muda ule kuwa umepotea, na dereva mwenye haraka angetazama saa. Mimi nauhesabu kuwa sehemu bora ya siku, kwani ulikuwa ni mlango ule ule aliopitia Speke, wa mwenyeji anayemwuliza mgeni habari za kwao kabla ya kumwonyesha cha kwake. Ndipo akavaa koti lake, akaingia garini pamoja nasi.

Bweranyange haina majumba ya mawe ya kumshangaza mpita njia. Ikulu ya Karagwe ilijengwa kwa miti, matete na nyasi, kama zilivyojengwa ikulu zote za nchi za maziwa makuu, na vitu vya namna hiyo huishi muda wa maisha ya mtu. Kilichobaki ni mlima wenyewe, mahali, na kumbukumbu. Stanley alichora katika kitabu chake cha mwaka 1878 nyumba ya hazina ya Rumanyika na vilivyokuwamo: mikuki ya kifalme, na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma, pembe zao ndefu zimepindwa kwa ustadi ambao mhunzi wa popote duniani angeuonea wivu. Karagwe ilikuwa nchi ya wahunzi na ya wafugaji kwa pamoja, na mfalme aliyemiliki sanamu ya ng'ombe ya chuma alikuwa ameshika mkononi nguzo zote mbili za utawala wake. Mgeni akisimama pale bila mtu wa kumweleza hayo, ataona kilima kizuri chenye upepo, atapiga picha, na kuondoka. Akisimama na mjomba, anaona ufalme. Tofauti ya hali hizi mbili haigharimu saruji wala mabati.

Upande wa Kyerwa, wilaya iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, kuna chemchemi za maji ya moto za Mtagata, na hizi nazo zina tarehe yake. Stanley alizizuru mwaka 1876 akakuta wagonjwa waliokuja kutoka mbali kuoga, akapima joto la maji kwa kipimo chake. Alipopita tena nchi hii mwaka 1889, akiwa na msafara mkubwa wa watu waliochoka, walipita penye chemchemi hizo hizo. Ulaya ingekuwa na maji kama haya katika milima yenye baridi, yangezungukwa na mabafu ya marumaru, maana miji mingi ya mapumziko ya Alpi ilianza kwa maji ya dawa kabla ya kuanza kwa theluji, na St. Moritz yenyewe ni mmojawapo. Kuingia katika maji ya moto alfajiri ya Julai, ukungu ungali juu ya miti, ni raha ambayo mtu haisahau. Natamani pawe na vyumba safi vya kubadilishia nguo, kimoja cha wanawake na kimoja cha wanaume, na mahali pa kuketi wazee. Wala nisingependa kuona zaidi ya hayo, kwa sababu watu wa vijiji vya karibu wanayatumia maji yale kwa haja zao, na mtu asifukuzwe kisimani pake kwa ajili ya mgeni.

Kisha kuna wanyama. Katika mafunjo ya maziwa haya huishi nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizotandawaa zinazomwezesha kutembea juu ya matope pasipo kuzama, ambaye akitishwa hujizamisha majini akabakiza pua tu. Wataalamu wa Ulaya walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1863 na kumpa jina la Speke, kwa kuwa Speke alimwona hapa, kando ya ziwa lile la Bweranyange. Mwaka 2019 serikali iliyapandisha hadhi mapori ya akiba ya upande huu yakawa hifadhi za taifa: Burigi-Chato yenye kilomita za mraba 4,707, Ibanda-Kyerwa, na Rumanyika-Karagwe, hii ya mwisho ikilichukua jina la mfalme aliyewapokea wageni, jambo lililonipendeza sana. Hifadhi mbili za Karagwe na Kyerwa ni ndogo zikilinganishwa na Burigi-Chato, na mtu asije akitarajia makundi ya Serengeti. Aje kwa ajili ya vilima, misitu ya mabondeni, viboko, ndege, na ukimya wa kutokukuta gari jingine mchana kutwa.

Lakini ukimya huo una uchungu wake. Ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Rwanda, kuna Hifadhi ya Akagera, iliyoanzishwa mwaka 1934, iliyoharibiwa vibaya wakati wa vita na baada yake, kisha ikafufuliwa kwa bidii: simba walirudishwa mwaka 2015, faru weusi mwaka 2017, na wageni humiminika huko kutoka Kigali wakiwa na madereva waliofunzwa kueleza kila ndege. Mto ni mmoja, mafunjo ni yale yale, na kiboko hajui hati ya kusafiria. Mimi siwaonei wivu majirani zetu, kwani wamekifanyia kazi walichokipata. Ninachosikitikia ni kwamba mgeni husimama ukingoni kule, akatazama vilima vya upande wetu vikipendeza katika jua la jioni, na hakuna aliyemwambia kwamba vilima vile vilikuwa na mfalme.

Kuhusu majira, dereva mwema humweleza mgeni ukweli tangu siku ya kupatana bei. Juni hadi Agosti barabara ni kavu, baridi ya usiku ni ya kuhitaji blanketi mbili, na wanyama husogea karibu na maji. Lakini vumbi ni jingi, na moshi wa nyasi zinazochomwa huifunika anga, hata milima ya mbali haionekani. Anayetaka kuviona vilele vya Mfumbiro, ile milima ya volkeno iliyo mpakani mwa Rwanda, Uganda na Kongo, ambayo Speke aliitazama kutoka Karagwe, ana bahati kubwa zaidi mwezi wa Novemba, mvua inapokuwa imeosha hewa. Na huo ndio msimu wa senene pia, ambao mgeni akikaribishwa kuwaonja na kukataa atakuwa amewanyima wenyeji wake furaha kubwa. Ila Novemba gari lisilo na nguvu katika magurudumu yote manne libaki mjini Kayanga.

Yaliyobaki ni ya kutendwa. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka mwenye biashara ya kutembeza watalii awe na leseni, na ni haki, kwani mgeni ametukabidhi maisha yake. Lakini taratibu na ada zilizofikiriwa kwa ajili ya makampuni makubwa ya Arusha humlemea kijana wa Nyabiyonza mwenye gari moja, naye hubaki kuwa dereva wa kuwapeleka watu sokoni Nkwenda na harusini Omurushaka huku maarifa yake ya nchi yakikaa bure. Halmashauri mbili za Karagwe na Kyerwa zingeweza kukaa pamoja, kwa kuwa historia haikuzitenganisha, na kuandaa mafunzo mafupi wakati wa mvua kazi inapopungua: huduma ya kwanza, desturi za hifadhini, tarehe ya ufalme kama ilivyo katika vitabu na kama wazee wanavyoisimulia, na Kiingereza na Kifaransa cha kutosha kumweleza mgeni anachokiona. Wakufunzi wapo, walimu wastaafu wa historia wamejaa katika vijiji hivi, na Chuo cha Mweka, kilichofunza wahifadhi wa bara zima tangu mwaka 1963, hakikosi mtu wa kutumwa kwa wiki mbili.

Na wazee kama mjomba yule wasichukuliwe kuwa sehemu ya mandhari. Nilipotaka kumpa asante mwisho wa siku, alikataa kwanza, akapokea baadaye kwa kuwa dereva alimsihi, na nikaona kwamba jambo lile halikuwa na utaratibu wowote: anayetoa hujitolea, asiyetoa huenda zake, na hifadhi, hoteli na gari zote zina bei iliyoandikwa isipokuwa maarifa peke yake. Basi bei iandikwe. Mgeni anapopatana na dereva pale Kayanga au Nyabiyonza, ada ya msimulizi wa Bweranyange iwe ndani ya hesabu kama yalivyo mafuta, itajwe kwa sauti mbele ya mgeni, na ilipwe huko huko mlimani, mkononi mwa mwenyewe, kabla gari halijageuzwa kurudi.